Kununua fanicha za zamani Lubumbashi, na kuzeesha zile mpya: mwongozo kamili

Mwaka juzi nilinunua meza ya duara pembeni ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake. "Papa, hii njo ya wakati wa ba Belge, ya Union Minière kabisa. Hautapata ingine." Nikatoa dola 120, nikamlipa kijana wa mkokoteni, nikaifikisha nyumbani na furaha ya bwana harusi. Jioni mke wangu akaangusha kijiko, akainama kukiokota, akakaa kule chini muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji. "Baba watoto, njoo uone." Chini ya meza mbao ilikuwa nyeupe kama kuku aliyenyonyolewa. Visi (skrubu) vya kichwa cha msalaba vilimetameta. Pembeni kulikuwa na michirizi ya kahawia iliyotiririka kutoka juu ikakaukia njiani. Nikanusa: majani ya chai.

Yule fundi alijua nusu ya kazi yake. Mimi sikujua hata robo. Tangu siku ile nimejifunza pande zote mbili, kutambua kitu cha zamani na kuzeesha kipya, na nimegundua kwamba ni elimu moja. Mbao huzeeka pale mwili wa mtu unapogusa kila siku, na pale kitambaa cha kufutia kisipofika. Ukipajua pale, ni vigumu mtu kukuuzia chai kwa bei ya mwaloni. Na ukizeesha cha kwako, utajua alama iende wapi.

Vitu vyetu vilitoka wapi

Hii si hadithi ya kupoteza muda, kwa sababu ndiyo inayokuambia utafute nini. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka huohuo reli ya kutoka Rhodesia ilipofika. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilikuwa imeundwa tangu 1906. Kwa hiyo kabati zito la mwaloni unalolikuta leo katika saluni (sebule) ya mzee fulani lilikuja kwa meli na treni, au lilitengenezwa hapahapa kwa mukwa au kambala, mbao ngumu za Afrika, na seremala aliyefuata mchoro wa Ulaya. La pili mara nyingi ni gumu kuliko la kwanza, na linauzwa rahisi kwa sababu muuzaji hajui thamani ya mukwa.

Halafu vitu vilibadilisha mikono kwa mawimbi. Mwaka 1960 Wabelgiji wengi waliondoka. Mwaka 1967 serikali ilichukua Union Minière, na baadaye ikawa Gécamines. Novemba 1973 ikaja Zairianisation, maduka na mashamba ya wageni yakapewa wenyeji. Na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Watoto wa watu hao ndio wanaouza leo, wakati wa kugawa urithi au wakati ada za shule zinapobana. Ndiyo maana vitu vizuri sivikuti sana sokoni. Navikuta kwenye varanda, nyuma ya nyumba, vimewekewa ndoo za maji juu.

Usidharau vya miaka ya 1950: meza za kahawa zenye miguu myembamba iliyopanuka, fotei (viti vya sebuleni) za chini zenye mikono ya mbao, kabati za jikoni zilizofunikwa formika. Wengi wanaona ni takataka za bibi. Wacha waendelee kuona hivyo.

Pa kutafuta, na lini

Soko la Kenya na barabara za Katuba zina vitu vya mtumba vilivyochanganyika na vipya. Pita asubuhi na mapema, kabla havijapangwa kwa kupendeza. Kamalondo, mtaa wa zamani wa wafanyakazi, bado una nyumba zenye vitu vya awali, lakini huko hupiti ukipiga kelele kama mnunua vyuma chakavu. Unafika na mtu anayejulikana, unasalimia, unakaa, unaulizia afya ya wazee, na siku ya kwanza huongelei bei. Parokia zinapokarabati nyumba za mapadri, na wageni wa migodini mkataba unapoisha, hapo pia kuna mauzo. Habari hizo husambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hazijafika barabarani.

Majira yana maana. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mbao hukauka na kusinyaa, kila droo inateleza vizuri. Droo hiyohiyo Januari, mvua ikipiga, itakwama. Mimi nanunua wakati wa mvua kwa sababu kasoro zinajitokeza zenyewe, na kazi ya mikono naifanya kiangazi.

Vya kubeba mfukoni

Tochi. Mita ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Sumaku ndogo. Kipande cha waya mwembamba. Chupa ndogo ya spiriti ya duka la dawa na pamba kidogo. Vyote vinaenea mfuko mmoja wa koti, na havimtishi muuzaji isipokuwa yule anayestahili kutishika.

Kukagua: anza chini

Kitu cha kwanza ni kukigeuza. Muuzaji akikataa usikigeuze, sema asante papa, endelea na safari. Mbao ya zamani isiyopakwa kitu, chini na nyuma, hugeuka rangi polepole kwa hewa. Inakuwa kahawia iliyofifia isiyolingana, nyeusi zaidi karibu na ukingo, nyepesi pale palipofunikwa na mguu au upau. Uzee wa kupakwa ni sawasawa kila mahali, hata ndani ya droo ambako mwanga haujawahi kuingia. Hilo tu lingeniokolea dola 120.

Halafu vumbi. Hapa Lubumbashi vumbi letu ni jekundu. Kabati lililokaa miaka 50 katika nyumba ya hapa lina unga mwekundu katika kila pembe ambayo kidole hakiingii: nyuma ya bawaba, katika mfereji wa droo, chini ya nakshi. Ukikuta uchafu mweusi tupu, kama masizi, jiulize. Pengine kitu kimetoka mbali, pengine kimetoka kwenye kopo.

Toa droo moja kabisa. Tazama jinsi pembe zake zilivyounganishwa. Kazi ya mkono ina meno yanayopanuka kama mkia wa njiwa, machache, hayalingani, na mara nyingi utaona mkwaruzo wa sindano pale seremala alipochora kabla ya kukata. Meno mengi madogo yanayofanana kama mapacha ni ya mashine. Ya mashine si mabaya, yanakuambia tu kwamba kitu hicho si cha babu wa babu. Misumari mitupu kwenye pembe ni kazi ya haraka. Geuza droo utazame kingo za chini, zile zinazosuguana na reli zake: miaka ya kufungua na kufunga huacha mbao imeliwa, zaidi nyuma kuliko mbele. Hiyo ni alama ngumu sana kuighushi, na wengi hawajaribu.

Visi navyo vinaongea. Kichwa cha msalaba kilisajiliwa Marekani katika miaka ya 1930. Ukikiona kwenye kabati "la 1920", ama kabati limetengenezwa upya mahali hapo, ama 1920 ni hadithi. Usikimbie bado. Tazama kama kisi kimoja tu ni kipya, kwa sababu matengenezo ni jambo la kawaida. Vikiwa vyote, umepata jibu.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote. Mbao husinyaa kukata nyuzi zake, lakini kwa kufuata nyuzi karibu haisinyai kabisa. Kwa hiyo meza ya duara ya mbao nzima iliyozeeka kweli si duara tena. Nyosha mita juu yake kufuata nyuzi, andika namba. Nyosha tena kukata nyuzi. Meza ya mita moja inaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Ikiwa duara kamili, ni mpya, au ni tripleksi, mbao ya tabaka zilizogundishwa, ambayo haisinyai hivyo. Muuzaji mmoja aliniona nikipima mara mbili, akaniuliza kama nataka kuishonea meza suruali.

Matundu ya wadudu: watu hudhani ni cheti cha uzee. Ingiza waya. Njia ya mdudu hupinda baada ya muda mfupi, waya unagoma. Tundu la drili huenda moja kwa moja mpaka mwisho. Matundu ya zamani yana giza ndani. Yakitoa unga mweupe ukigonga kwa kidole, wadudu bado wako kazini na watahamia kwenye viti vyako vingine. Kitu kama hicho kinanunuliwa kwa bei ya chini, kinatengwa na vingine, kinapigwa dawa ya mbao kwa sindano tundu kwa tundu, halafu kinawekwa juu ya karatasi nyeusi kwa majuma kadhaa uone kama unga unaanguka tena. Mchwa ni kesi nyingine. Gonga miguu kwa kiungo cha kidole. Mguu unaolia kama debe tupu, uache hapohapo.

Rangi ya juu: paka pamba spiriti, sugua mahali pasipoonekana. Ikianza kunata na kuyeyuka, ni sheleki, ule utomvu wa wadudu uliotumika sana kabla ya vanishi za kisasa. Isipotikisika kabisa, si sheleki; mara nyingi ni vanishi ya plastiki, ya karibuni. Sumaku ni ya vishikio: shaba ya njano ya kweli haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa.

Mwisho, kaa. Kiti hukaguliwa kwa matako. Angalia upau wa mbele pale watu wanapowekea miguu, ncha za mikono ya fotei, juu ya egemeo pale kiti kinapogonga ukuta mtu akijiegemeza nyuma. Hapo ndipo pa kuliwa. Kiti kilichochakaa mahali ambapo hakuna mwili unaofika kimechakazwa na nyundo.

Bei, na vya kuacha

Usitaje kasoro kama unamshitaki mtu. Zitaje kama mnazitazama pamoja. "Mama, mguu huu umeshaonja mchwa, na droo ya chini haina mgongo. Unipunguzie, fundi naye atakula." Kabati langu la vyombo, la mukwa, lilianza kwa dola 200 likaishia 85 na soda mbili. Usafiri ukubaliane kabla ya kulipa, vinginevyo kijana wa mkokoteni ndiye atakayefaidi.

Kitu chenye namba au muhuri wa kampuni chini yake kinapendeza, lakini uliza kilitokaje huko. Mtu aliyekipata kwa haki atakusimulia bila kujikuna.

Vigoda vya heshima vya Waluba, vile vinavyobebwa na umbo la mwanamke, si fanicha ya saluni. Ni vitu vya utawala na vya mizimu ya watu. Tangu 1971 kuna sheria ya kulinda mali za utamaduni, na mahali pa kwenda kuvitazama ni jumba la makumbusho la hapa mjini. Na ukiambiwa meza mpya ni ya mukula, kumbuka mti huo umewekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa tangu 2019 kwa jinsi ulivyokatwa ovyo katika misitu yetu.

Kuzeesha kitu kipya

Chagua mbao nzima. Tripleksi ukiipiga msasa pembeni inaonyesha tabaka zake kama keki. Wengi hapa tunatumia paleti, maana migodi inaleta mizigo kila siku. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni: HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua. MB maana yake ilifukiziwa methili bromaidi, gesi ya sumu, hiyo achana nayo. Hata yenye HT, ikiwa na madoa au harufu ya kemikali ya mgodi, isiingie nyumbani.

Kama unafanyia kazi kitu cha zamani kilichopakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, chukulia kwamba rangi ina madini ya risasi. Usiipige msasa ikiwa kavu. Lowesha, vaa barakoa, weka watoto mbali, na mabaki yasitupwe kwenye shamba la mchicha.

*Kwanza, kingo.* Kabla ya kushika msasa, kitumie kitu chako siku chache, na chaki mkononi. Kila unapokishika, weka alama. Kisha piga msasa namba 120 kwenye alama hizo tu, uviringishe kingo, umalizie na 180 halafu 240. Ukiviringisha kingo zote sawasawa umetengeneza sabuni.

*Pili, majeraha.* Funguo kwenye mnyororo, kokoto moja, kichwa cha kisi. Machache. Wanaoanza hupiga kitu kama wanamtafutia shetani. Fikiria ajali halisi: ndoo ilikokotwa hapa, mtoto aligonga hapa na kiti. Fanya haya kabla ya rangi, kwa sababu jeraha hunywa rangi zaidi na kuwa jeusi, kama linavyotakiwa.

*Tatu, rangi ya uzee.* Lowesha mbao kwa kitambaa cha maji, iache ikauke, piga msasa mwembamba kuondoa manyoya yaliyosimama. Ukiruka hatua hii, manyoya yatasimama juu ya rangi yako. Halafu una njia mbili.

Ya siki na chuma: chukua sufu ya chuma, ile laini kabisa ya kusugulia, ioshe kwa sabuni kutoa mafuta, ichambue, itumbukize katika nusu lita ya siki nyeupe. Acha siku moja hadi tatu. Chupa ifunikwe kwa kitambaa tu, kwa sababu chuma na siki hutoa gesi ya haidrojeni. Mimi nilikaza kifuniko, usiku wa pili kikaruka mpaka darini na mke wangu akadhani ni wezi. Chuja, halafu ujaribu kwenye kipande cha mbao ileile. Chuma hicho hukutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, na ndani ya dakika mbao hugeuka kijivu mpaka nyeusi. Mkaratusi una tanini na hubadilika haraka. Msonobari wa paleti hauna nyingi, kwa hiyo upake kwanza chai nzito ya rangi, majani mengi kwa maji kidogo, ikauke, ndipo upake siki. Hiyo ndiyo kazi ya kweli ya chai. Yule fundi wangu aliishia kwenye chai.

Ya pili ni permanganeti, fuwele za zambarau za duka la dawa. Kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji, jaribu kwanza, ongeza maji ikiwa kali. Inaingia zambarau ya kutisha, na ukitazama tu inageuka kahawia ya joto. Vaa glavu la sivyo utatembea na kucha za mzee wa tumbaku. Tumia brashi ya nailoni, kwani ya manyoya inaliwa. Na fuwele kavu zisikutane na glisirini wala mafuta: huwaka moto zenyewe.

*Nne, kufunga.* Tabaka moja jembamba la sheleki au vanishi iliyopunguzwa sana. Kazi yake ni kwamba uchafu wa hatua inayofuata uweze kufutika pale usipoutaka.

*Tano, uchafu wenyewe.* Hapa ndipo kazi inapogeuka kuwa ya Lubumbashi. Yeyusha gramu 100 za nta ya nyuki, na katika nchi ya asali ya miombo hutaikosa, ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nta ikiyeyuka, liondoe kopo na ulipeleke nje, mbali kabisa na mbabula (jiko la makaa), ndipo umimine mililita 250 za tapentaini huku ukikoroga. Ikipoa inakuwa kama siagi. Gawa sehemu mbili. Ya kwanza ibaki safi. Ya pili changanya na makaa yaliyotwangwa laini na kijiko cha udongo wetu mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa. Paka hii ya pili kwenye pembe, mifereji, nakshi na kuzunguka vishikio. Subiri dakika 10, futa kwa kitambaa kikavu ukifuata nyuzi. Itabaki pale ambapo ufagio wa mama mwenye nyumba usingefika. Siku inayofuata paka nta safi kila mahali na usugue mpaka mkono uume, hasa juu ya zile alama za chaki, maana panaposhikwa ndipo panapong'aa.

Ukipenda kitu kilichopakwa rangi kisha kikabanduka, paka rangi ya kwanza, ikauke, sugua mshumaa kwenye kingo za kushikwa, paka rangi ya pili, kisha msasa. Juu ya nta rangi haishiki, itatoka kirahisi. Mipasuko ya rangi inapatikana kwa kupaka gundi nyeupe, na rangi ya maji juu yake gundi ikiwa bado inanata. Inapendeza kwenye mlango mdogo. Kabati zima linafanana na ngozi ya mamba.

Vitambaa vya mafuta ya kitani, kama umeyatumia, usivikunje na kuvitupa pembeni. Hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje au uvilowanishe.

*Sita, vyuma.* Visi na bawaba mpya zichome kidogo uondoe mng'ao ukiwa nje, kwa kuwa mvuke wa mabati ni mbaya kwa mapafu, au zisugue tu kwa msasa. Kisha zilaze usiku katika siki na chumvi. Asubuhi zioshe, zikaushe, zipake nta zisiendelee kuliwa. Na tumia visi vya mfereji mmoja. Vile vya msalaba vilishanigharimu.

Kikikamilika, nakigeuza na kuandika chini kwa penseli: mwaka, mbao ni ya nini, na kwamba nimekizeesha mimi. Mwandiko unajificha chini ya upau, hauonekani ukiwa umekaa. Anayetaka kununua kwangu namwambia ainame kwanza.